Anayemwita Mwenzake Mwoga Amesimama Wapi?

Mtoto wa familia inayosema Kiswahili, akikulia Hallonbergen, hulisikia neno mwoga katika lugha mbili. Nyumbani hulisikia kwa mama yake, pale anapokataa taa izimwe au anapojificha nyuma ya mlango siku ya chanjo. Humo ndani neno hutamkwa kwa kubembeleza, na mara nyingi mkono wa mama huwa umeshafika begani kabla sentensi haijaisha. Nje, kwenye uwanja wa shule au mbele ya maduka, hulisikia kwa Kiswidi: feg. Huko hakuna mkono begani. Wenzake wanamtazama tu, wakingoja waone atafanya nini.

Ningependa tulichambue neno hili polepole, kwa sababu watu wazima tunalitumia kwa wepesi mno, na kwa sababu watoto wetu hapa Sweden wanaishi mahali ambapo limekuwa na bei kubwa.

Hallonbergen ni mtaa wa manispaa ya Sundbyberg, kaskazini-magharibi mwa katikati ya Stockholm. Magorofa yake yalijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, wakati serikali ilipokuwa ikikamilisha mpango wake mkubwa wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Reli ya chini ya ardhi ilifika 1975, na wasanii Elis Eriksson na Gösta Wallmark wakazipamba kuta za kituo kwa michoro ya kitoto, kwa hiyo hata leo anayeshuka hapo hupokelewa kwanza na mawazo ya watoto. Njia hiyohiyo ikiendelea kuelekea Kista hupita katika kituo cha Kymlinge, ambacho kilianza kujengwa lakini hakikufunguliwa kamwe. Treni hupita bila kusimama. Watu wa Stockholm wana msemo wao kwamba wanaoshuka Kymlinge ni wafu peke yao, na wamekihusisha kituo hicho na hadithi za treni ya rangi ya fedha inayobeba mizimu.

Hadithi kama hizo zina kazi yake nzuri. Watoto wakisimuliana habari za mizimu ya Kymlinge na mmoja akaitwa mwoga, hakuna kinachoharibika. Aliyemwita anajua kwamba hata yeye moyo unamdunda. Wote wamo ndani ya behewa moja, wote wanapita mahali palepale penye giza, na dakika chache baadaye wote wanashuka Kista wakicheka. Neno hapo linawasaidia kuizoea hofu kwa pamoja. Linaanza kuwa na sumu pale anayelitamka anapokuwa amesimama mahali pengine, salama, akimtuma mwingine aingie gizani.

Kiswahili chenyewe kinatupa njia mbili za kuzungumza juu ya jambo hili, na tofauti yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Tukisema mtu anaogopa, au ana woga, tumeeleza hali iliyomjia na itakayoondoka, kama vile ana njaa au ana homa. Tunaweza kumuuliza anaogopa nini, naye akajibu. Tukisema ni mwoga, tumemweka katika ngeli moja na mkulima, mvuvi na mwizi: tumempa kazi au tabia ya kudumu, na hapana tena cha kumuuliza. Hukumu imeshapita. Anayetaka kuifuta hana njia nyingine ila kutenda jambo mbele ya mashahidi, na kwa kawaida jambo lenyewe huwa limeshachaguliwa na yule aliyetoa hukumu.

Kisa kinachotufundisha zaidi juu ya nguvu ya neno hili, kwa maoni yangu, kilitokea Nairobi tarehe 16 Machi 1922. Siku mbili kabla, polisi walikuwa wamemkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa mfanyakazi wa simu katika ofisi ya hazina ya serikali na aliyekuwa ameanzisha chama cha kuwatetea Waafrika. Aliyoyasemea yalikuwa machungu ya kila siku: kipande ambacho wanaume walilazimishwa kukibeba, kodi iliyopandishwa, mishahara ambayo walowezi walitaka kuipunguza, na wanawake na wasichana waliokuwa wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Jambo hili la mwisho ndilo lililowafanya wanawake wengi wamwone Thuku kuwa mtu wao.

Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungiwa, karibu na hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo ina jina lake. Viongozi kadhaa walikwenda kumwona Sir Charles Bowring, mkuu wa serikali aliyekuwepo wakati huo, wakarudi wakawaambia watu watawanyike, kwani wameahidiwa kwamba Thuku atatendewa haki. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka. Hapo ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, Mkikuyu mzaliwa wa Murang'a, alipojitokeza mbele. Kwa mujibu wa ushuhuda uliohifadhiwa, aliinua gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume walichukue wao na wampe yeye suruali zao. Akawaita waoga. Akawauliza wanangoja nini, ilhali kiongozi wao yumo humo ndani.

Msomaji asiyewajua Wakikuyu anahitaji kuambiwa kwamba tendo la mwanamke kuwafunulia wanaume mwili wake hadharani lilikuwa na uzito wa laana. Ni silaha ya mwisho, ya mtu aliyeona maneno mengine yote yameshindwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Umati ukasukumana kuelekea langoni, na askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Imesimuliwa pia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walishiriki kupiga risasi. Hesabu rasmi inayotajwa sana ni watu 21 waliokufa, na walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi.

Sasa tujiulize: je, wale wanaume walikuwa waoga kweli? Kama tunalichukua neno kwa maana yake, sidhani. Mtu anayesimama bila silaha mbele ya kituo cha polisi cha wakoloni, mwaka 1922, akiwa na kipande chenye jina lake na jina la mwajiri wake, ameshavuka hofu ambayo wengi wetu hatujawahi kuigusa. Viongozi walioshauri watu watawanyike waliziona bunduki na wakapima. Kilichotokea dakika chache baadaye kilithibitisha kwamba hawakuwa wakiota.

Hata hivyo, neno la Nyanjiru lilifanya kazi, na sababu yake haimo ndani ya neno. Lilifanya kazi kwa sababu ya mahali alipokuwa amesimama. Alikuwa mbele ya kila aliyemwita mwoga. Risasi yoyote iliyokuwa ije, ingempitia yeye kwanza, na ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa na cheo cha kupata wala jambo la kuficha. Tena kuna jambo jingine ambalo sijaacha kulifikiria: tusi lake lilitumia imani ya zamani kwamba ujasiri ni vazi la wanaume, na papo hapo likaivunja imani hiyo, kwa kuwa aliyevaa ujasiri siku ile alikuwa mwanamke.

Ningekuwa mwongo kama ningeishia kwenye sifa. Thuku hakufunguliwa siku ile. Alipelekwa uhamishoni Kismayu, na hakuachiwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Waliokufa waliacha watoto. Na Thuku mwenyewe, alipokuwa mzee, aliipinga Mau Mau waziwazi, hata wapiganaji wakamhesabu upande wa adui. Mtu ambaye kwa ajili yake wengine waliitwa waoga aliishi hadi akaona yeye mwenyewe anaitwa majina mabaya zaidi. Majina haya huhama haraka kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, na mara nyingi huhamishwa na watu ambao hawakuwepo siku ya tukio.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya Nairobi kuwa mji. Methali isemayo kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio imesemwa sana hata makali yake yamefutika. Wengi huisikia kama kejeli. Lakini tukiisikiliza vizuri, tunaona kwamba aliyeitunga alikwenda kwenye nyumba mbili baada ya vita. Katika nyumba moja mtu yupo, anakula, anatania na wanawe. Katika ya pili kuna mkeka wa matanga. Methali haisemi ni nyumba ipi iliyo bora. Inatutaka tuingie zote mbili kabla hatujafungua mdomo, na hilo ndilo wanaomwita mwenzao mwoga huliruka.

Historia yetu ina mfano mkubwa wa watu waliofanya hesabu hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwakusanya Waafrika kwa mamia ya maelfu wawe wapagazi wa majeshi yaliyokuwa yakipigana na Wajerumani. Majina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Mwaka 1917 ukusanyaji ulikuwa mkali sana, na kijana aliyewaona watu wa chifu wakikaribia alikuwa na sababu ya kukimbilia porini. Zaidi ya 40,000 ya wapagazi wa upande wa Waingereza walikufa, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Waliojificha wangeweza kuitwa waoga kwa kipimo cha jeshi. Lakini vita havikuwa vyao, mzigo haukuwa wao, na waliorudi hawakurudishiwa ardhi wala heshima. Mjukuu wa aliyekimbia porini yupo leo kwa sababu babu yake aliogopa, na sioni aibu yoyote ya kumwonea babu huyo.

Ulaya nako neno hili lilikuwa na sheria nyuma yake. Oktoba 1916 jeshi la Uingereza lilimpiga risasi askari wake mwenyewe, Harry Farr, kwa kosa la uoga, ingawa mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa hospitali kwa miezi kadhaa kutokana na mshtuko wa mizinga. Ilichukua miaka 90 ndipo yeye na wenzake zaidi ya 300 waliouawa kwa makosa ya kijeshi wakasamehewa, mwaka 2006. Waliohukumu waliketi mezani. Farr ndiye aliyetoka mtaroni.

Turudi Stockholm. Ninayoyasema hapa ni ya jiji zima na ya miji mingine ya Sweden, na watoto wengi wa Hallonbergen hawatayagusa kamwe. Lakini hakuna mzazi wa mitaa hii asiyeyajua. Mwaka 2022 watu zaidi ya 60 waliuawa kwa risasi Sweden, nchi ya watu milioni 10 na ushee, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilihusiana na magenge. Kwa miongo mingi umri wa kuwajibika kijinai umekuwa miaka 15, na magenge yamejifunza kuwatafuta walio chini ya hapo, kwani mtoto wa miaka 13 au 14 hawezi kufungwa kama mtu mzima. Kazi huletwa kwa ujumbe wa simu: beba hiki, peleka pale, tupa kile mlangoni. Baadhi ya wanaotoa maagizo hawako hata ndani ya nchi. Tangu Julai 2023 kumhusisha mtoto katika uhalifu ni kosa linalojitegemea katika sheria ya Sweden.

Hapo ndipo neno feg linapopata mwajiri. Mvulana akisita, haulizwi anaogopa nini. Anaambiwa yeye ni nani: mwoga, mtoto wa mama. Linganisha na Nyanjiru. Yeye alilitamka neno akiwa mbele ya bunduki. Huyu analitamka akiwa nyuma ya kioo cha simu, pengine katika nchi nyingine, na jina lake halisi halijulikani hata na mtoto anayemtuma. Neno ni lilelile, lakini la kwanza lililipiwa na msemaji, na la pili linalipiwa na msemwa. Kama kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila kijana wa Hallonbergen akibebe mfukoni, ni hicho: huyu anayeniita mwoga amesimama wapi?

Kuna upotoshaji mwingine wa neno hili unaoniuma zaidi. Kijana anayekwenda kuwaambia polisi alichokiona, au anayemwambia mwalimu kwamba rafiki yake amepewa begi asilolijua lina nini, huitwa golare, yaani msaliti, na mara nyingi uoga huongezwa juu yake: ameshindwa kuvumilia, amekimbilia kwa wakubwa. Ukweli ni kinyume. Kunyamaza ni rahisi kwa sababu wote wamenyamaza. Anayesema anajua kwamba kesho atakutana nao kwenye lifti, kwenye treni, kwenye foleni ya chakula shuleni. Kama neno ujasiri bado lina maana, basi ni lake.

Wazazi nao wana uoga wao wanaosutwa kwa ajili yake. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku viboko vya watoto, hata nyumbani, mwaka 1979. Ipo pia sheria ya 1990, inayojulikana kwa kifupi kama LVU, inayoruhusu mtoto kuchukuliwa na kutunzwa nje ya familia bila ridhaa ya wazazi. Kuanzia mwishoni mwa 2021 ulienea mitandaoni uvumi kwamba ofisi za ustawi wa jamii zinawateka watoto wa Waislamu. Serikali ilikanusha, lakini uvumi ulikuta nyumba ambazo tayari zilikuwa na hofu. Mama anayeona mwanawe ana viatu vipya asivyomnunulia, na simu ya pili asiyoijua, hujiuliza aende wapi. Akipiga simu ofisini, shangazi na majirani watasema ameogopa mtoto wake mwenyewe, hana ubavu wa kulea. Asipopiga, siku mambo yakiharibika watu walewale watasema aliogopa serikali.

Kumwita mama huyu mwoga hakumsaidii kwa lolote. Hofu yake ina vitu viwili vilivyochanganyika, na kazi ya rafiki wa kweli ni kumsaidia kuvitenganisha. Kimoja ni cha kweli: sheria ipo, na watoto huchukuliwa katika hali za hatari. Kingine ni uvumi. Ukweli mwingine ambao uvumi hauutaji ni kwamba msaada mwingi unaotolewa na ofisi hizo ni wa hiari: ushauri kwa wazazi, mtu wa kumsindikiza kijana, mahali pa kwenda jioni. Mama anayejua hayo bado anaweza kuogopa, lakini sasa anajua anaogopa nini, na anaweza kuingia katika ofisi hiyo akiwa na maswali yake, na mkalimani akiomba.

Baba zetu wengi walilelewa kwa amri ya usiwe mwoga, nao huirudia kwa watoto wao kwa nia njema kabisa. Ninawaelewa. Katika kijiji ambacho hatari yenyewe ilikuwa fisi au mto uliojaa, amri hiyo ilimwandaa kijana kwa jambo ambalo baba pia angelikabili, bega kwa bega naye. Huku mambo ni mengine. Baba yuko kazini zamu ya usiku, haisomi lugha ya ujumbe unaoingia kwenye simu ya mwanawe, na hajui kwamba neno analolitumia yeye kumtia mtoto moyo ndilo lilelile analolitumia mtu mwingine kumvuta. Mtoto aliyezoea kusikia nyumbani kwamba kuogopa ni aibu hatarudi nyumbani kusema anaogopa.

Ndiyo maana ninawapa heshima kubwa wazazi wanaotoka usiku kutembea mitaani kwa zamu, kazi ambayo Waswidi huiita nattvandring. Wanavaa koti linaloonekana, wanasalimia vijana, wanasimama karibu na kituo cha treni hadi usiku wa manane. Wengi wao ni akina mama. Hawamwiti mtu mwoga wala shujaa. Wapo tu, mahali hasa ambapo mtoto wao angekuwa peke yake, na kwa sababu wapo, wanachokisema kinasikika.

Na mzazi ambaye hawezi kutoka usiku anaweza kuanza na swali jikoni: unaogopa nini? Siyo saa ya ugomvi, wala mbele ya wadogo zake, na asitarajie jibu siku ya kwanza. Jibu likija huja na vitu vya kushikika: jina la bandia, saa, mlango wa ghorofa fulani, deni la kiasi fulani. Hayo yanaweza kupelekwa kwa mshauri wa shule, au kwa polisi kwa namba 114 14 kama hakuna dharura, na 112 kama ipo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116 111, simu ya Bris, shirika la kuwasaidia watoto, bila malipo na bila kutaja jina lake, akaeleza kwamba anaogopa.